Tseng Yueh-hsia na Kamera Iliyodai Inatembea

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Bi. Tseng Yueh-hsia, aliyetutoka Ijumaa hapa Puli akiwa na miaka sitini na mitatu. Tseng Yueh-hsia. Wengi wenu mlimwita Mwalimu.

Kazi yake ilikuwa kuifundisha kompyuta kutazama video na kujibu maswali mawili. Kamera imesogea vipi? Na kila kinachoonekana kiko umbali gani? Ukiwa ndani ya basi, miti ya karibu hukupita mbio, milima ya mbali hutulia. Kompyuta yake ilipima tofauti hiyo.

Mwaka ule wa mvua nyingi, alifunga kamera juu ya paa la kiwanda kidogo cha chai cha Mzee Lo Chin-fu, ambacho pia ndicho nyumba yake. Ilitazama mlima wa ng'ambo ya kijito, uliohofiwa kuporomoka. Siku ya tatu kompyuta ikatoa jibu la ajabu: mlima umetulia, kamera ndiyo inayotembea. Inakwenda mbele, kiganja kizima kwa siku.

Kamera iliyokazwa kwa boliti nne!

Alipanda paani, akazishika boliti. Imara. Akabadilisha kamera. Jibu lilelile. Akapiga hesabu upya. Jibu lilelile. Mzee Lo akamcheka: "Mwalimu, kamera yako imelewa? Ipe chai, acha kuipa pombe!"

Mumewe, Bwana Hung, ametusimulia: "Siku hizo alikuwa anamimina chai kwenye bakuli la wali, anakula bila kujua. Nikamuuliza, 'Mke wangu, uko wapi?' Akanijibu, 'Hata mimi sijui.'"

Siku kumi na moja, wasikilizaji. Siku kumi na moja hakujua kipi kimesimama na kipi kinatembea. Ya kumi na mbili akafunga kamera ya pili ng'ambo, kwenye hekalu lililojengwa juu ya mwamba, ikitazama kiwanda. Kesho yake akasoma majibu: kiwanda kinasogea kuelekea kijitoni. Kamera ya kwanza haikukosea. Ilikuwa inatembea pamoja na paa, paa pamoja na nyumba, nyumba pamoja na mteremko mzima wa chai.

Akamkimbilia Mzee Lo. "Mzee wangu, nyumba yako inahama."

"Nyumba hii kaijenga babu yangu. Haijawahi kwenda hata sokoni!"

Hakubishana. Alimwomba tu afungue mlango wa nyuma. Ukagoma. Mzee alikuwa ameupiga randa mara tatu msimu ule, akilaumu unyevu. Akautazama mlango: fremu yake ilikuwa imekwenda upande. Kicheko kikamkauka.

Familia tatu za mteremko ule zilihama Jumanne. Alhamisi adhuhuri mteremko ukashuka wote hadi kijitoni. Hakufa mtu.

Jana msibani Mzee Lo alituambia: "Nililala mle ndani nikajiona nimetulia tuli. Mpaka leo sielewi."

Mwalimu hakupenda kusifiwa kwa siku ile. Ukimsifu, alikukatiza: "Na mteremko ungeshuka siku ya kumi, nikiwa bado naishuku kamera, je?"

Bwana Hung, na ukoo wote wa Tseng, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Nasi tuliobaki, kila mmoja ajiulize kimyakimya: ni jambo gani nimeambiwa wazi, nami bado naliita kosa kwa kuwa tu linanikanganya?