Sufuria ya Mzee Tluway

Ndugu waombolezaji, wazee wetu shikamooni, mimi Evarist ni mdogo wa marehemu, na haya ninayoyasoma yameandikwa na mjane wake, shemeji yangu Philomena, ambaye ameniapisha nisipunguze neno.

Marehemu Hermani Sulle alizaliwa tarehe 4 Juni 1952 huko Dirma, katika ukoo wa wahunzi, ukoo ambao wenye ng'ombe hununua majembe yake na kuunyima mabinti zao. Alisoma Endasak kuanzia mwaka 1961 hadi 1967, na mwaka 1974 akaajiriwa katika karakana ya shamba la ngano, kazi yake ikiwa kulehemu rejeta za matrekta, kuziba shaba iliyotoboka kwa risasi inayoyeyuka kwa moto mdogo, na rejeta iliyopita mikononi mwake haikuvuja tena.

Tarehe 14 Julai 1979 alifunga ndoa na Philomena, binti wa Mzee Tluway wa Getanuwas, ambaye alipokea mahari yote bila kurudisha hata ndama, kisha akatangaza kwamba yeye na wanawe hawatatia kitu mdomoni nyumbani kwa mhunzi. Ng'ombe wa mhunzi, kumbe, hawana mkosi. Marehemu na mkewe walijaliwa watoto watatu, Oliva mwaka 1980, Patriki mwaka 1983 na Zita mwaka 1988, wote wakabatizwa bila babu yao kuonja hata chai ya sherehe.

Mwaka 1995, biashara huria ilipoingia na shamba likapunguza watu, marehemu alifungua kibanda Endasak, akaziba birika, kandili na sufuria. Zikaja ndoo za plastiki, watu wakamcheka, ndoo zikapasuka, wakarudi, wakarudi hata wale wa Getanuwas, wakipitia nyuma ya kibanda na sufuria zimefunikwa khanga. Nyani haoni kundule.

Mwaka 1998 Mzee Tluway alituma sufuria yake kubwa ya sherehe, marehemu akaikwangua ndani ya mafuta ili risasi ishike kwenye alumini, akaagiza isiwekwe motoni bila maji, kwa kuwa maji ndiyo yanayozuia risasi isiyeyuke. Waungwana wale wakaikaangia bisi. Risasi ikatiririka jikoni, wakasema ni mkosi wa mhunzi, wakairudisha, marehemu akaiziba upya, nao wakaogopa kuifuata. Miaka kumi na mmoja aliiosha na kuirudisha rafuni, akisema baba mkwe atakuja siku moja ale humo, na hilo tu ndilo alilotaka kwao. Mwaka 2002 tulipata mkoa wetu wa Manyara, barua zikabadilika anwani, moyo wa Mzee Tluway haukubadilika.

Februari 2009 marehemu alianza kuugua kifua, akalazwa Katesh, akafariki tarehe 19 Mei saa tatu asubuhi, akiwa na miaka hamsini na sita, baba mkwe hajafika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochimba kaburi, na mafundi wenzake waliofunga vibanda. Mzee Tluway na wanao, asanteni kwa kufika, makande ya leo yamepikwa katika ile sufuria yenu, yana maji ya kutosha, na haijavuja tone. Mjane amesimama na sahani yako, mzee, na hatutambeba marehemu mpaka uile.

Kaka Hermani, mikono yako ilikuwa safi, ilaze kwa amani.