Kulifundisha Gari Mlango

Kijiwe kilikuwa mbele ya kibanda cha fundi redio, ng'ambo ya barabara kuu ya Mikumi, kikitazamana na ukuta wa Mzee Mwinshehe. Asubuhi ile benchi lilikuwa tupu. Watu wote walikuwa wamelizunguka gari la Mzee, na vikombe vya kahawa vilikaa juu ya boneti. Lilikuwa mtumba wa Dubai, kama yaliyoanza kumiminika tangu biashara ifunguliwe, lenye vitufe kwenye kile kibao cha kukinga jua juu ya dereva. Kitabu chake kilidai kitufe kimoja kinaweza kufundishwa kufungua mlango wa banda la gari. Mlango wenyewe Mzee aliununua kwa mkandarasi Mzungu aliyemaliza barabara akarudi kwao: bati zito, linapandishwa na mota, halina kitasa wala tundu la ufunguo. Aliuweka kwa sababu moja tu: nyani wa Mikumi walishajua kufungua komeo. Sasa banda lilijaa chakula cha harusi ya kesho ya binti yake Mwanasha: mchele, ndizi, sukari, mabeseni ya maandazi. Mzee alikuwa ameenda Kilosa kupokea wageni wa treni. Rimoti alimwachia Joha, mdogo wake Mwanasha, na taa ya rimoti hiyo ilikuwa inafifia. Betri ya namna ile haikupatikana duka lolote. Ikifa kabla gari halijajifunza, chakula kingebaki ndani na wageni wakabaki na njaa.

— Dada Joha, shika rimoti karibu na kitufe, bonyeza vyote pamoja, — alisema Wenceslaus, fundi redio, ambaye kijiweni aliitwa Mawimbi. — Gari linasikiliza, linakariri.

— Kitabu kinasema taa ya gari itapepesa polepole kwanza, halafu haraka, — alisema Joha. Alikisoma usiku kucha, mpaka maelezo ya mikanda ya usalama.

— Aliyeandika kitabu hajawahi kufika Mikumi. Bonyeza.

Akabonyeza. Taa ikapepesa polepole, ikazima. Semi la Zambia likapita likinguruma, vikombe vikacheza juu ya boneti. Ng'ambo, juu ya ukuta, dume kubwa la nyani lilikuwa limekaa likijikuna tumbo kama mwenye nyumba. Banda lilikuwa nyuma ya ukuta huo, limeelekea uani; kutoka kijiweni halikuonekana.

— Umeshika mbali, — alisema Alfred, aliyeitwa Dubai kwa kuwa siku moja alifika bandarini Dar kupokea gari la mtu. — Hizi mashine zina aibu. Zigusanishe.

Akainyakua rimoti, akabonyeza. Hola.

— Kaka Alfred, betri! Kila ukibonyeza unaimaliza. Na huko mlangoni je, haufunguki?

— Tulia, sista. Hapa rimoti haifanyi kazi, inatoa mfano tu. Mwalimu akiandika ubaoni chungwa moja jumlisha chungwa moja, kuna mtoto anapewa machungwa?

Wakacheka. Joha naye akatamani sana kuamini.

— Si uufungue tu, uuache wazi mpaka wapishi waje? — aliuliza Mzee Kasiani.

Joha akaonyesha ukutani kwa kidevu.

— Ahaa. Basi usiufungue. — Mzee Kasiani akanywa funda. Kijiwe kilimwita Reli. Baba yake alikuja Kilosa kujenga reli, na tangu hapo kila tatizo la dunia kwake lilikuwa reli. — Lakini mnahangaika bure. Kile chuma cha Kilosa kinavuta mawimbi yote. Rimoti ikisema "funguka", neno linakimbilia stesheni.

— Kilosa ni mbali, mzee wangu.

— Ndiyo maana halijarudi.

— Siyo reli, ni tembo, — alisema Dubai. — Watu wa hifadhi wamewavisha mikanda ya redio shingoni. Tembo akipita hapo nyuma, gari linajifunza tembo badala ya mlango.

— Kwa hiyo tukibonyeza kitufe hiki, — aliuliza Mawimbi taratibu, — anakuja tembo?

— Aisee, mimi sibonyezi tena.

Lakini alibonyeza. Wote walibonyeza, kwa zamu na bila zamu. Joha alijaribu kuhesabu, akapotea pale Mzee Kasiani alipokandamiza kwa kidole gumba, akaanza kusimulia habari za behewa, akakisahau kidole palepale.

Ghafla taa ya gari ikapepesa haraka haraka.

— Limejua! — alipiga kelele Mawimbi. — Limejua, bwana!

Wakashangilia, wakapigana mabega, kila mmoja akataka kukijaribu kitufe cha gari kwa kidole chake. Rimoti ikazima kabisa mkononi mwa Joha, na kwa mara ya kwanza tangu jana akavuta pumzi mpaka chini. Iache ife. Gari linajua.

Mama Naomi, mpishi kutoka Kisanga, akashuka kwenye baiskeli, mwiko mrefu umefungwa nyuma.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuchambua mchele. Mlango uko wazi au umefungwa?

— Mambo safi, mama, — Mawimbi alijibu kwa fahari. — Kitufe kimoja tu. Ukibonyeza unafunguka, ukibonyeza tena unajifunga.

— Nimekusikia, baba. Nauliza sasa hivi. Uko wazi au umefungwa?

Mawimbi akamtazama Dubai. Dubai akatazama ndani ya kikombe chake, kilichokuwa na mashapo tu. Mzee Kasiani akatoa kidole gumba kwenye kitufe, polepole, kama mtu anayerudisha kitu dukani.

Joha akainua macho juu ya ukuta. Lile dume halikuwepo.