Mama Amejipumzisha Kidogo

NIVES: Haloo, Mama.

ORESTE: Haloo. Naongea na nani?

NIVES: Baba? Si wewe ndiye uliyepiga?

ORESTE: Ah, Nives. Ni mimi, baba yako.

NIVES: Nimeshakujua. Habari za huko?

ORESTE: Nzuri tu. Salama. Za huko nyumbani Alessandria?

NIVES: Joto. Saluni nina feni mbili, zinazunguka kama hazipo. Leo mko wapi?

ORESTE: Krete. Meli imefunga gati tangu asubuhi. Inaondoka saa kumi na mbili.

NIVES: Na simu ya Mama unaishika wewe? Yako yenyewe ikilia mfukoni unamwangalia mtu wa pembeni.

ORESTE: Leo nimeishika.

NIVES: Mama yuko wapi?

ORESTE: Yupo. Amejipumzisha kidogo.

NIVES: Saa hizi?

ORESTE: Asubuhi tulitembea. Sikiliza, sikukupigia kwa jambo kubwa. Nakuuliza kitu kimoja tu, halafu uendelee na kazi yako.

NIVES: Uliza. Nina mtu ana rangi kichwani, lakini uliza.

ORESTE: Vidonge vya mama yako. Kuna hiki kidogo, cheupe, na kuna hiki cha rangi ya waridi. Cha asubuhi ni kipi?

NIVES: Vyote viwili. Cha jioni ni kile kirefu, peke yake. Mama anavijua hata gizani, Baba. Si umuulize?

ORESTE: Nimemuuliza.

NIVES: Akasemaje?

ORESTE: Akasema nifunge mlango wa tanuri.

NIVES: Tanuri gani?

ORESTE: La duka letu la mkate, nadhani.

NIVES: Duka tumeuza miaka sita sasa.

ORESTE: Najua, Nives. Funguo nilizitoa mimi kwa mkono wangu. Mama yako akilala mchana huwa anaota.

NIVES: Alikuwa amelala alipokuambia hivyo?

ORESTE: Macho yalikuwa wazi.

NIVES: Baba, niambie vizuri. Mama ana nini?

ORESTE: Joto tu. Humu chumbani kuna joto kidogo.

NIVES: Kiyoyozi je?

ORESTE: Kipo. Kinapuliza. Ila kinachotoka ni kama pumzi ya ng'ombe.

NIVES: Tangu lini?

ORESTE: Tangu Messina.

NIVES: Messina ilikuwa Jumatatu. Leo Alhamisi, Baba. Chumba chenyewe hakina dirisha, na nyinyi —

ORESTE: Tulienda mapokezi mara tatu. Wanasema meli imejaa, hakuna chumba cha kutuhamishia. Fundi alikuja akafungua kile kifuniko cha juu, akakiangalia, akakifunga. Wametupa kifeni cha mezani. Jana usiku tulilala kwenye makochi kule maktaba, wakatuamsha saa tisa.

NIVES: Na hamkuniambia.

ORESTE: Mama yako alikataza. Alisema utajisikia vibaya, kwa sababu wewe ndiye —

NIVES: Ndiye niliyechagua chumba hicho.

ORESTE: Ndiye uliyetupa zawadi ya safari hii. Ni zawadi nzuri, Nives. Chakula kizuri. Juzi walicheza muziki.

NIVES: (kwa sauti ya pembeni, kwa mteja) Mama Pia, niwie radhi, nenda pale kwenye beseni ujisuuze mwenyewe, nakuja. — Baba. Upo?

ORESTE: Nipo. Unajua mimi nimesimama mbele ya tanuri miaka arobaini na moja. Joto nalijua. Nikasema hili si kitu.

NIVES: Lile la tanuri ni kavu. Na alfajiri ulikuwa unatoka nje na fulana, ukungu unakupiga.

ORESTE: Ndiyo. Hili la hapa lina maji. Mashuka yamelowa kana kwamba yametoka kwenye ndoo. Mkate ukiuweka mezani unalegea kabla hujaukata. Suruali hazikauki, zinanuka. Mtu unavuta hewa kama unakunywa supu.

NIVES: Leo asubuhi mlitembea wapi?

ORESTE: Magofuni. Wanawapeleka watu kwa basi kwenye jumba la wafalme wa zamani.

NIVES: Kwenye jua hilo? Mama alitaka kwenda?

ORESTE: Alisema yeye abaki.

NIVES: Kisha?

ORESTE: Nikamwambia tumekuja mpaka huku, halafu tukae tunaangaliana chumbani? Hakubisha. Akavaa kofia. Kule hakuna mti hata mmoja, ni mawe matupu. Wakati wa kurudi, kwenye ngazi ya basi, akakaa chini.

NIVES: Alianguka.

ORESTE: Alikaa. Ghafla.

NIVES: Alianguka, Baba.

ORESTE: Wakampa maji. Akanywa kidogo. Tulipofika chumbani akawa anatetemeka, nikaona labda leo kasahau dawa. Kwa hiyo nikampa.

NIVES: Ulimpa zipi?

ORESTE: Cheupe na cha waridi.

NIVES: Na asubuhi alikuwa ameshameza?

ORESTE: Sasa naona kwenye kile kiboksi chake, sehemu ya Alhamisi asubuhi ilikuwa tupu. Hivi nilivyompa nilivitoa kwenye Ijumaa.

NIVES: Kwa hiyo amemeza mara mbili.

ORESTE: Ndiyo maana nikasema nikuulize.

NIVES: Baba, kile cheupe ni cha kutoa maji mwilini.

ORESTE: Sikujua. Mambo ya vidonge ni yake. Mimi nakunja kiganja, ananiwekea changu, nameza.

NIVES: Nisikilize. Usogee karibu naye. Mguse shingo. Ngozi ikoje?

ORESTE: Ya moto.

NIVES: Ina jasho?

ORESTE: Hapana, imekauka. Mwanzo alikuwa anachuruzika, mto wote ukalowa. Nusu saa hivi iliyopita jasho likakatika. Nikashukuru.

NIVES: Mwite jina lake.

ORESTE: Ilda. Ilda, Nives yupo kwenye simu. Ananiangalia tu.

NIVES: Anasema chochote?

ORESTE: Anasogeza midomo. (mikwaruzo) — kama anahesabu.

NIVES: Unakatika, Baba. Daktari wa meli mmemwona?

ORESTE: Nilienda. Mimi peke yangu, yeye hakuweza ngazi. Kuna watu kwenye korido mpaka kwenye lifti, wazee watupu, kila mmoja na chupa yake ya maji. Nikapewa namba. Arobaini na moja. Wakati huo walikuwa wanaita ya kumi na saba. Wakasema anywe maji, tusubiri.

NIVES: Ukarudi ukasubiri.

ORESTE: Sasa nifanye nini, mwanangu? Namba ninayo mkononi.

NIVES: Achana na namba. Kuna simu ya ukutani hapo chumbani? Ina kitufe chekundu?

ORESTE: Ipo.

NIVES: Bonyeza hapo. Hii usiikate, iweke kitandani.

ORESTE: Subiri. (sauti ya kitufe) Nives.

NIVES: Ee.

ORESTE: Hakuna anayepokea, wanapiga muziki tu.

NIVES: Endelea kusubiri — hapana. Hapana, usisubiri. Toka koridoni. Mtu yeyote mwenye sare ya meli, mshike mkono, umlete ndani.

ORESTE: Watadhani nimechanganyikiwa.

NIVES: Wadhani hivyo hivyo. Toka, Baba.

ORESTE: (sauti ya mlango, nyayo) Kuna yule dada anayetandika vitanda, Marisol, yuko mwisho kule na kigari chake. Dada. Dada, njoo. Mke wangu. (mikwaruzo) — anakuja. Anakimbia.

NIVES: Mwache aingie. Anafanya nini?

ORESTE: Ameweka mkono kwenye paji. Ameutoa haraka kama aliyegusa sahani ya moto. Anaongea kwenye ile redio yao. Sasa amefungua bafuni, analowesha mataulo yote. Yale mapya aliyoleta asubuhi.

NIVES: Msaidie. Shingoni, makwapani, kwenye mapaja. Fungueni nguo.

ORESTE: Mbele ya mtu?

NIVES: Fungua nguo, Baba.

ORESTE: Vifungo vya nyuma hivi — vidole vyangu — Marisol amechana. Amechana lile gauni la maua.

NIVES: Vizuri. Kifeni kielekezeni kwake. Maji msimpe kwa nguvu, yasije yakampalia.

ORESTE: Ilda. Ilda, ni mimi. Nives, mkono wake umelegea kabisa. Nauinua, unarudi chini.

NIVES: Wanakuja. Si dada ameita kwenye redio? Wanakuja.

ORESTE: Nilimwambia kule kuna kaupepo. Asubuhi. Ili aje.

NIVES: Sasa hivi acha hayo.

ORESTE: Nilitaka picha tukiwa wawili.

NIVES: Baba, acha.

ORESTE: Hawa hapa. Watu watatu, na machela. (sauti nyingi, mikwaruzo) — wanasema nini? Dada, wanasema nini? Wanamshusha, Nives. Hapa melini hawana kitanda cha kumweka. Gari la wagonjwa lipo chini.

NIVES: Afadhali. Nenda naye. Ushike machela usiiachie.

ORESTE: Wanataka pasi zetu za kusafiria.

NIVES: Pasi zitafuata. Nenda —

ORESTE: Wanasema bila pasi — ziko kwenye kisanduku cha kabati. Namba ya kufungulia anaijua mama yako.

NIVES: Baba, achana nazo. Baba?

(mikwaruzo mirefu)

NIVES: Baba. Haloo. — Mama Pia, sijui, sijui, sipati kitu. Jifunge taulo tu. — Haloo. Baba, unanisikia?

(sauti ya lifti, pumzi nzito)

ORESTE: Nives.

NIVES: Nipo. Uko wapi?

ORESTE: Chini. Gatini.

NIVES: Mama je?

ORESTE: Kisanduku kilikataa. Nilijaribu siku yake ya kuzaliwa. Nikajaribu yako. Yangu sikuikumbuka vizuri. Lifti nayo ikawa inasimama kila ghorofa, watu wanarudi kutoka ufukweni.

NIVES: Baba. Mama yuko wapi?

ORESTE: Gari limeondoka. Nimeliona mgongo tu, linapinda pale kwenye makontena.

NIVES: Limeondoka na nani?

ORESTE: Na yeye. Peke yake.

NIVES: Bila wewe.

ORESTE: Nina mkoba wake. Huo nimeuchukua.

NIVES: Sawa. Sawa, Baba. Wamempeleka hospitali gani?

ORESTE: Marisol ameniandikia namba kiganjani, ya mtu wao wa bandarini, ndiye anayejua. Nisome?

NIVES: Soma.

ORESTE: Sita, tisa, saba. Halafu nne. Halafu — kuna nne nyingine, au ni tisa. Zilizobaki zimetoka na jasho.

NIVES: Jaribu kuangalia vizuri.

ORESTE: Naangalia. Ni wino tu sasa.

NIVES: Haidhuru. Hospitali za mji mmoja haziwezi kuwa mia. Nitazipigia zote. Kuna mtu wa meli karibu hapo? Yeyote?

ORESTE: Wapo wawili, wanafungua kamba. Na mmoja kule juu ya ngazi ananiita kwa mkono. Anataka nipande.

NIVES: Usipande.

ORESTE: Anaonyesha saa.

NIVES: Baba, ukipanda kesho asubuhi utaamkia bandari nyingine. Usipande.

ORESTE: Kwani nimesema napanda? Mama yako yuko huku. (kwa sauti ya mbali) Hapana. Mke wangu. Huku, mjini. Hapana. (mlio wa chuma) Wamevuta ngazi.

NIVES: Umevaa nini?

ORESTE: Zile ndala nyeupe za chumbani. Saruji inachoma mpaka juu, ni kama sakafu ya tanuri.

NIVES: Maji unayo?

ORESTE: Ipo chupa kwenye mkoba. Ya mama yako. Imejaa, hakuigusa.

NIVES: Kunywa.

ORESTE: Hii ni yake.

NIVES: Kunywa, Baba. Tafadhali.

ORESTE: (anakunywa) Nimekunywa. Nives, kule hospitalini wakimuuliza, atasema nini? Ataanza kuwaambia mambo ya tanuri. Watamwona ni mwendawazimu.

NIVES: Watajua ni joto. Wao hilo wanalijua kuliko sisi.

ORESTE: Wewe utawaambia vidonge nilivyompa.

NIVES: Nitawaambia.

ORESTE: Waambie ni mimi. Wasidhani alikosea yeye.

NIVES: Nitawaambia, Baba.

ORESTE: Hii simu imeandika kitu. Kuna picha ya kipimajoto.

NIVES: Imepata joto sana, itajizima yenyewe. Ifunge, uiweke ndani ya mkoba. Kaa hapo hapo, usimfuate mtu, nitampata mtu wa kuja kukuchukua. Uko kivulini lakini?

ORESTE: Nilikuwa.

NIVES: Ulikuwa, kivipi?

ORESTE: Kivuli ni cha meli, mwanangu. (honi ndefu) Ndiyo hiyo inaondoka nacho.

NIVES: Basi tembea nacho. Tembea nacho taratibu mpaka upate ukuta. Baba?

(simu inakatika)

NIVES: Baba, unatembea?