Sikuwa na Pepo, Nilikuwa Nimechoka

Ndugu zangu, Bwana asifiwe, na asifiwe tena. Nimesimama kushuhudia na nina hasira, sitawaficha.

Mnanijua. Mimi ni nesi wa wodi ya mahututi. Miaka ile ya mwanzo wa tisini tulikuwa manesi wawili kwa chumba kizima. Mgonjwa akikata roho, unamfunika, unabadilisha shuka, mwingine analetwa kabla godoro halijapoa. Huku kwetu mtu akifa tunapiga nduru mpaka kijiji cha pili kisikie. Sisi manesi tulikatazwa hata kutoa chozi. Matroni alisema, "Mkilia, nani atashika wagonjwa?" Basi tukameza. Nilimeza vifo mpaka usingizi ukanihama, mikono ikawa inatetemeka nikishika sindano, nikamchukia kila aliyeniita Sista. Nilitaka kuacha kazi.

Nikaja hapa hapa kanisani kuomba msaada. Mkasema nina pepo la uchungu! Mkaniwekea mikono, mkanisukuma, mkaniambia nifunge bila chakula wala maji. Nikatii, nikafunga huku niko zamu. Ndugu zangu, nilianguka katikati ya vitanda nikimpa mgonjwa oksijeni. Karibu niue mtu kwa sababu ya ushauri wenu.

Na bado mkanirudisha hapa mbele, eti pepo ni sugu. Ndipo Mama Risper, kiongozi wa akina mama wa mtaa wa Nyalenda, akasimama. "Pasta, mtoto huyu hana pepo. Amechoka. Wacha nimpeleke nyumbani."

Akanilaza kwake, akanipikia ugali na samaki, akafukuza kila aliyekuja kuniombea. Nilipoamka nilipiga nduru, nikawaita kwa majina wale niliowafunika, naye akalia na mimi kama tuko matanga. Halafu nikalala tena.

Baadaye alichukua akina mama wenzake wakaketi mlangoni kwa matroni mpaka akakubali: mgonjwa akifa, nesi aliyemhudumia atoke nje, alie, anywe chai, ndipo arudi. Tukaongezewa na mwenzetu wa tatu. Mpaka leo niko wodi ile ile, na mikono imetulia.

Namshukuru Mungu aliyeniokoa. Mtumaini yeye, ndugu yangu uliyechoka, na usione haya kulala. Na nyinyi wazee wa kanisa, binti wa mtu akija hapa akitetemeka, muulizeni kwanza alikula lini.