Bega la Nguzo

Mkabala na stesheni ya reli ya Eldoret, mji ambao wazee bado waliuita Sisibo, kulikuwa na benchi la taruma kuukuu, gogo la kulalia reli, lililolazwa juu ya mawe mawili. Mwenye benchi alikuwa Kipkorir, fundi wa viatu, ambaye mji mzima ulimwita Kesho kwa sababu kwake hakuna kiatu kilichowahi kuwa tayari leo. Kila siku saa nne asubuhi Nelima alifika na birika lake la kahawa juu ya jiko la makaa, na kijiwe kikaanza kuchemka. Ukitaka habari yoyote ya dunia uliuliza hapo, ukapewa majibu matano yasiyopatana, na kila mwenye jibu yuko tayari kuapa. Ila asubuhi moja ya mwaka wa 1951, lilizuka swali la darubini, na hilo lilikuwa na mjuzi mmoja tu, mzee Walubengo, aliyeitwa Nguzo. Yeye angependa waulizane habari nyingine yoyote.

Aliyelileta ni Nicholas, karani wa posta, jina la kijiweni Stempu.

— Wazee, niko na shida, alisema hata kabla ya kukaa. Jumamosi naenda Kaptagat na bosi, kuwinda. Mimi ndiye nitashika darubini nimtafutie kulungu. Jana amenipa nijaribu. Ng'ombe imesimama kule imetulia, lakini ndani ya darubini inacheza dansi.

— Ulikuwa umekunywa nini? aliuliza Kesho, uzi wa kiatu mdomoni.

— Chai.

— Basi. Chai inakimbia kwa mishipa. Kunywa mursik, ile maziwa ya kuganda, kibuyu mzima. Mkono ikishakuwa nzito haitetemeki. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi.

— Hiyo methali inaingilia wapi hapa?

— Mkono yako iko mtupu. Ndio maana inaruka.

Stempu alikuwa mtu wa kusoma, hakuona sababu ya kushindwa na fundi viatu.

— Si mkono, ni moyo. Nimesoma kwa gazeti. Moyo ikipiga, mkono nayo inaruka. Nataka nifunge kifua na kamba ya vifurushi, nikaze kabisa, moyo ipunguze kelele.

— Utakufa.

— Kidogo tu. Mpaka nione kulungu.

— Mimi nasema ni upepo, alisema Kesho. Macho hayana pazia, wahenga walisema. Darubini nayo haina. Upepo inaingia huku, inatokea huku, lazima itingishike. Lete nikushonee pazia ya ngozi, mbele na nyuma.

— Na nikifunika mbele na nyuma nitaona nini?

— Hutaona kitu. Lakini itakuwa imetulia.

Nelima alicheka mpaka akaweka birika chini. Mwishoni mwa benchi Walubengo naye alijilazimisha kucheka, macho yake yakitazama jivu la jiko. Aliomba kimoyomoyo wamsahau, lakini kijiwe hakisahau mtu.

— Sisi tunahangaika nini na fundi mwenyewe amekaa hapa? alisema Kesho. Nguzo, ambia karani.

— Hayo mambo ni ya zamani. Nimesahau.

— Amesahau, ati. Stempu, sikia. Miaka tisa mzungu wake, Bwana Ndevu, hakushika darubini hewani kama wewe. Anasimama nyuma ya huyu mzee, anaiweka kwa bega yake, na huyu anakuwa mti. Hapana pumua, hapana kohoa, hapana sema. Yule mzungu ndiye alimbatiza Nguzo.

— Hata Khisa wangu alikuwa akisema, aliongeza Nelima huku akimmiminia Stempu. Alisema nzi ikitua kwa jicho ya huyu shemeji, hapepesi.

Nelima alisema hivyo kwa fahari, na ndiyo maana maneno yalimchoma Walubengo kuliko tusi. Khisa alikuwa mume wa Nelima. Yeye na Walubengo walitoka Kimilili pamoja kutafuta kazi, wakalala kibanda kimoja, na siku ya harusi Walubengo ndiye aliyesimama naye kanisani. Ilikuwa miaka kumi na miwili tangu Khisa auawe na nyati kule Kaptagat.

Siku ile darubini ilikuwa begani mwa Walubengo, Bwana Ndevu nyuma yake akichunguza pembe za kulungu ng'ambo ya bonde. Khisa alikuwa ametumwa chini azunguke amsukume yule mnyama. Macho ya Walubengo hayakuwa na darubini ila yalikuwa mazima, na yaliona mgongo mweusi wa nyati kichakani, hatua thelathini mbele ya rafiki yake. Angepiga ukelele mmoja tu, Khisa angepanda mti. Lakini mtu aliyeshika kazi ile kabla yake alifukuzwa kwa kukohoa. Walubengo akajiambia, bwana akishafyatua tu, nitaita. Akashika pumzi, na alipoiachia, Khisa alikuwa tayari chini.

Yeye ndiye aliyempelekea Nelima habari. Alimwambia hakuna aliyemwona yule nyati, na Nelima akaamini, maana shemeji hakuwahi kumdanganya. Alijuta. Alijuta kila asubuhi saa nne birika lilipofika, na bado alikuja, kwa kuwa kutokuja kungetaka maelezo.

Wakati huo alitokea mwanamke mmoja kutoka upande wa Kaptagat, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Alikuwa Jeruto, mwalimu mgeni wa shule ya misheni, hajatimiza hata mwezi mjini.

— Kesho, mwalimu, alisema Kipkorir kabla hajaulizwa.

— Nitangoja, alisema Jeruto, akasimama kwa mguu mmoja.

Kijiwe kikipata mgeni hakikosi mchezo wake. Kesho alimwinua Walubengo kwa mkono.

— Mwalimu, ona kitu hujaona kwa kitabu. Mama Nelima, jaza kikombe.

Walubengo alisema goti linamuuma. Alisema leo si siku nzuri. Lakini angekataa kabisa wangemuuliza kwa nini, na hapo angejibu nini? Akasimama. Mgongo ukanyooka wenyewe, bega la kulia likainuka kidogo. Nelima alijaza kikombe mpaka mdomoni, akakiweka juu ya lile bega taratibu.

— Simama vizuri, shemeji, usituaibishe.

Walihesabu. Kumi. Ishirini. Treni ilipiga honi stesheni, Stempu akashtuka, kahawa ya begani haikutikisika.

— Hivyo ndivyo alisimama miaka tisa, alisema Kesho, kama sifa ni zake. Bwana anaangalia wanyama kwa darubini, yeye hapumui.

Jeruto alitazama kikombe, kisha akautazama uso uliokuwa kando yake. Aliuliza kwa sauti ya mtu anayetaka tu kuelewa.

— Mzee, huyo bwana alikuwa anaangalia mbali. Sasa wewe, muda huo wote, macho yako yalikuwa yanaangalia nini?

Kesho alifungua mdomo kwa mazoea.

— Wahenga walisema macho hayana...

Akaishia hapo. Katika miaka yote ya kijiwe, ile ndiyo methali yake ya kwanza kukaa mahali pake, na yeye mwenyewe alilihisi hilo, akainamia kiatu.

Nelima alikuwa bado anatabasamu kidogo, akingoja jibu la kuchekesha. Lilipokawia, tabasamu likaanza kumtoka.

— Shemeji, alisema. Mwalimu amekuuliza.

Maneno yalikuwa tayari: niliangalia chini, nikamwona nyati. Hayakuwa mengi, na miaka kumi na miwili alikuwa ameyapanga vizuri. Alitaka kuyasema, Mungu ni shahidi, alitaka hasa. Lakini kifua kilikuwa kimefunga kama kilivyofundishwa. Akabaki wima, hapumui, macho yakitazama mahali fulani chini, hatua kama thelathini mbele, ambapo hapakuwa na kitu ila barabara.

Nelima alimtazama hivyo alivyosimama. Alimtazama kwa muda mrefu, toka miguuni hadi machoni, kama mtu anayeonyeshwa mahali Khisa alipofia.

— Ulimwona, alisema.

Walubengo hakupepesa.

Nelima alinyoosha mkono akakiondoa kikombe begani. Kilikuwa kimejaa vilevile, hakuna tone lililomwagika. Akakimimina chini, akakifuta kwa kitambaa chake, kisha akabeba birika na jiko.

— Kahawa imeisha, aliwaambia wote.

Wakamsikia akivuka barabara kuelekea stesheni, na kahawa ikicheza ndani ya birika kila alipopiga hatua.