Mfumbeli na Msunguti

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti imebaki kidogo na sitaki Donatus asikie nusu kisha mengine ayatunge mwenyewe. Nyumba na ng'ombe baba yenu alishagawa, hayo siyagusi. Nasema juu ya shangazi yenu Dorika, na juu ya mdogo wenu Januari, tuliyemzika akiwa na miaka minne.

Siku ile Dorika alituletea bakuli la matunda ya mfumbeli kutoka mlimani, yale meusi matamu. Mchana mtoto akaanza kutapika, na kabla jua halijazama akawa ametutoka. Loveness, ulikuwa na miaka sita, ukaniambia amekula fumbeli. Nami nikatoka uani nikamwita wifi yangu mchawi mbele ya watu, nikijua fika mwanamke aliyeitwa hivyo huku kwetu hufanywa nini. Aliondoka na khanga mbili, akaenda Nyarugusu kuponda mawe ya dhahabu, na shamba lake la bondeni tukalilima sisi miaka ishirini na miwili.

Mwaka jana Loveness aliporudi na kazi yake ya misitu, tulipanda wote mlimani. Akanionyesha mfumbeli, akasema wataalamu wanauita Carissa spinarum, na vitabu vya zamani viliandika Carissa edulis, kichaka ni kilekile. Tulipofika kwenye jiwe kubwa akasimama, akashika tawi la kichaka kingine. "Mama, hapa ndipo nilipomwona Januari akichuma siku ile. Tazama, hakina miiba. Huu ni msunguti, Acokanthera. Utomvu wake ni sumu, watu walipaka mishale." Matunda yanafanana, utomvu mweupe unafanana, na sisi sote tuliviita kwa jina moja. Usijilaumu, Loveness mwanangu, ulisema jina tulilokufundisha.

Nikaenda Nyarugusu kwa miguu hii iliyovimba, nikapiga magoti kwenye vumbi la karasha, mashine ile ya kusaga mawe. Dorika akasema, "Wifi, umechelewa. Lakini inuka, utaumia magoti." Akanikorogea uji.

Sasa shikeni neno langu. Donatus, shamba la bondeni ni la shangazi yenu. Vuna mpunga wako, kisha umkabidhi mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na usininunie, ungeviona vidole vyake vilivyopondwa na mawe ungempa na la kwako. Loveness, wapeleke watoto wa shule mlimani, uwafundishe vichaka vyote viwili kwa majina yote, ya kwetu na ya vitabuni, mpaka wavitenganishe wenyewe.

Basi la Kharumwa linafika saa nane, naye Dorika yumo. Mpokeeni mizigo, mwamkieni vizuri, msimuulize kitu mpaka ale. Mungu awape miaka mingi... awape nyumba ambayo mtu akikosewa anaweza kurudi... Donatus, acha maji, nenda kituoni. Na wewe Loveness, niinue kidogo... niegemeze ukutani. Sitaki anikute nimelala.