Nilivyogeuza Barua ya Nyota

Ndugu zangu, Mungu aliye hai asifiwe hapa Kingi, asifiwe na kule Kashebere na Ngungu! Mimi njo Mama Riziki, mwandishi wa barua. Nimezeeka, macho yamechoka, lakini majina ya watu sijapoteza hata moja. Basi nianze na majina, juu siku ile Mungu aliponifungua sikuwa peke yangu.

Katika nyumba ya Nyota kulikuwa Nyota mwenyewe, mujane wa Bauma. Kulikuwa Mama Zahabu, mama muzazi wa Bauma, aliyekuja kwa miguu kutoka Ngungu. Kulikuwa Papa Kambale, mufanyabiashara wa kutoka Butembo, mwenye duka na kamyo ya kubeba mizigo. Yeye njo alileta koti ya marehemu. Kulikuwa Papa Yona, muzee wa kanisa letu, aliyejua Zaburi nyingi kwa kichwa lakini kusoma hakujua. Kulikuwa mutoto wa kiume wa Nyota na Bauma, mapajani mwa mama yake, bado hana jina. Na mimi. Wengine walikuwa inje wanachambua maharagi ya chakula. Hao walisikia kilio tu.

Ndugu zangu, nilikuwa muntu wa shida. Shule nilisoma miaka miwili, kisha baba akasema jembe iko inaningoja. Nikaolewa na Stefano. Nyuma ya uhuru kuja, Stefano akaenda Walikale kuchimba kasiteriti, yale mawe ya bati. Mimi, kwa ujinga wangu, nilimutumia habari kwa vinywa vya wapita njia: "Mumwambie asihangaike, tuko salama, abaki atafute." Akabaki! Akabaki kabisa, akaoa kule, na habari ile niliipata kwa mwanamuke wa soko aliyekuwa akicheka. Nikarudi kwetu na binti yangu Riziki, kwenye shamba ndogo ya mihogo, na neno lile "abaki" likanikaa kifuani kama jiwe. Mulishike neno hilo, juu liliniharibu.

Siku moja jirani yangu aliniona ninaandika jina la Riziki ukutani na kipande cha makaa. Akaniomba nimwandikie kaka yake. Akanilipa kikapu cha maharagi. Akaja mwingine, na mwingine. Papa Kambale alipoona watu wanasimama kwenye baraza ya duka lake kuningoja, akanitolea kisanduku cha sabuni nikikalie.

"Mama Riziki, wateja wako wakingoja wananunua chumvi yangu," akasema. "Kaa, Mama, kaa sana!"

Siku za soko alinipandisha kwenye kamyo mpaka Kashebere, mara zingine mpaka Ngungu. Ile barabara! Tuliisukuma kamyo kuliko ilivyotubeba. Na barua zangu njo yeye alizibeba, mpaka kwenye machimbo.

Kazi yangu niliifanya hivi. Muntu alisema yote, mimi ninasikiliza, kalamu imelala. Akimaliza, njo ninaandika, bila kumuuliza tena. Kisha ninamusomea. Watu walishangaa! "Hata mahali nilipokohoa amepaweka!" Juu kichwa changu kilishika maneno ya muntu vile yalivyotoka. Mungu alinipa zawadi ile, na mimi nikaifanyia uovu.

Maneno ya watu yalikuwa makavu. Mwanamuke anasema, "Mwambie atume chumvi." Mimi ninaandika kwamba sufuria inalia bila yeye. Nikaanza hivyo, neno moja, maneno mawili. Kisha nikaandika barua nzima isiyokuwa ya mwenyewe. Na kwa kumusomea, sikusoma! Macho kwenye karatasi, lakini kinywa kilimurudishia maneno yake kutoka kichwani. Akasikia yake, akafurahi, akaenda. Karatasi ikaenda na yangu. Nani angejua?

Barua zangu zilijibiwa, ndugu zangu. Wanaume walirudi! Sifa yangu ikapita milima. Wanawake wakatoka mbali na kuku kwapani. Mama Sofia, jirani yetu, alinitania barazani mbele ya wote: "Mwandikie wangu, lakini usiweke sukari nyingi. Atafikiri kuko kosa ninaficha!" Tukacheka mpaka Papa Kambale akatoka kuangalia. Nilijenga nyumba ya mabati kwa kalamu. Nikafikiri ni Mungu aliyenibariki.

Njo miaka ya fujo ikaingia. Kwetu Kingi kulikuwa bado kimya, lakini kwenye njia kulikuwa watu wenye silaha.

Nyota alikuja na tumbo kubwa. Alikuwa mudogo kwangu, aliniitaka dada, na bwana yake Bauma alikuwa kule kwenye machimbo. Akasema, na maneno haya sitayasahau mpaka kaburini: "Dada, mwambie Bauma asirudi. Mbele ya Kashebere wanasimamisha watu, wanauliza muntu ni wa wapi, na anayejibu vibaya haonekani tena. Akae kulekule. Nitazaa mwenyewe. Njia ikifunguka, mimi njo nitamuita."

Nikamutazama, nikajiona mwenyewe. Nilijisemea: huyu mutoto hajui. Anamwambia mwanaume abaki! Atabakia kwa mwanamuke mwingine kama Stefano. Nimuokoe. Nikaandika hivi: "Bwana yangu Bauma, rudi. Mutoto anapiga teke upande ule unaolalaka. Kama unanipenda, barua hii ikukute umekaa, ikuache umesimama."

Kisha nikamusomea Nyota maneno yake mwenyewe, moja kwa moja, bila kukosa hata moja. Akanishukuru! Alinishika mikono yangu yote miwili akanishukuru.

Bauma alisimama. Hakufika Kashebere.

Ndugu zangu, sitaeleza vile alivyopatikana. Papa Kambale alimukuta kando ya njia, akamuzika na watu wa pale, akaleta koti. Ndani ya mufuko kulikuwa karatasi yangu, imekunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo. Muntu alikuwa ameifungua mara nyingi.

Tangu siku ile sikulala vizuri, chakula kilikuwa majani mudomoni. Watu wakasema Mama Riziki anamulilia Bauma kama ndugu. Nilikubali wafikiri hivyo. Nilinyamaza mpaka Nyota akazaa, mpaka siku ya kumaliza matanga.

Kwetu, siku ile kila muntu aliye na neno juu ya marehemu ao juu ya mujane analisema mbele ya jamaa. Kisha linafungwa, hakuna kulirudilia tena. Na mutoto aliyezaliwa katika kilio anapewa jina siku ileile. Nilijua kama ninapita siku hiyo kimya, nimepona. Nilienda nikiomba ipite.

Papa Yona akaomba. Kisha Mama Zahabu akasema, bila kumutazama Nyota: "Mimi niko na neno. Mwanaume hawezi kuacha kazi yake bila kuitwa. Wewe njo ulimuita mutoto wangu. Ulitaka akukatie kuni?"

"Mama, nilimukataza!" Nyota akasema. "Dada aliandika. Karatasi iko ndani ya koti. Dada, usome, Mama asikie."

Papa Kambale akaitoa, akanipa. Yeye alijua kusoma majina kwenye magunia tu. Wote wakanitazama. Kama ninasoma vile ilivyoandikwa, Nyota anaonekana muuaji na muongo. Kama ninarudisha maneno yake, Nyota anapona, na mimi pia. Shetani ana akili! Akanionyesha uongo wenye sura ya huruma.

Nikashika karatasi, nikasema kwa kichwa: "Mwambie Bauma asirudi. Mbele ya Kashebere wanasimamisha watu..." Nikamaliza mpaka "mimi njo nitamuita."

Mama Zahabu alisikiliza mpaka neno la mwisho. Kisha akasimama. Akachukua koti, akaitupa inje kwenye matope.

"Basi alisikia, akadharau. Alijiua kwa kichwa kigumu. Nimelia miezi yote hii bure! Huyu mutoto asipewe jina lake. Mumupe la mwingine yeyote. Jina la Bauma liishe hapo."

Nyota akainamisha kichwa. Akasema kwa sauti ndogo: "Mama amesema kweli. Hata mimi nimemukasirikia. Nilimuomba abaki, akanidharau." Ndugu zangu! Kumbe siku zile zote mujane yule alikuwa na hasira na marehemu, na hasira ile niliipanda mimi. Muntu aliitikia mapenzi mpaka akafa, na sasa anafukuzwa katika nyumba yake, hata jina lake.

Sikufikiri, ni Mungu aliyenisukuma! Nikaanguka mbele yao, nikalia: "Bauma hakudharau! Nimewadanganya. Nyota alikataza, mimi nikaandika arudi. Nimewasomea uongo sasa hivi, na nilimusomea Nyota uongo siku ile."

Papa Yona akasema, "Mama, sema tena. Pole pole."

Nikasema tena. Nyota akaniambia, "Soma vile ilivyoandikwa." Nikasoma. Nilipofika kwenye teke la mutoto, Mama Zahabu akatoka inje. Nilifikiri anaenda kuita vijana wanipige. Alikuwa anaokota koti. Akarudi nayo, matope yanatiririka, akaikumbatia hivyohivyo, na kilio alichokitoa sijakisikia tena duniani. Akamuchukua mutoto akamwita, "Bauma. Bauma. Bauma wangu."

Nyota hakulia. Alisema neno moja tu kwangu: "Toka."

Nikatoka. Wateja nao wakaniacha, na walikuwa na haki. Mama Sofia alipita mbele yangu kama anapita mbele ya mugomba. Papa Kambale alikichukua kisanduku chake. Lakini nililala usingizi, ndugu zangu! Kwa mara ya kwanza nililala! Niliharibikiwa na kila kitu, na jiwe likatoka kifuani. Huo njo ukombozi wangu. Sikupewa kitu, niliondolewa jiwe.

Nilirudilia jembe. Polepole muntu mumoja, wawili, wakaniomba tena. Nikaweka sheria: ninaandika mbele yako neno kwa neno, unaweka kidole chako chini ya kila neno ninaposoma, na kabla ya kuituma unaipeleka kwa mwingine anayejua kusoma, hata kama ni mbali. Ni kwa barua hizo kavu, zisizo na sukari, nilisomesha Riziki na kuzeeka na kazi mukononi. Mungu asifiwe!

Nyota hakunisalimia, mvua tatu zikapita. Kisha akaja barazani, akasimama. Alitoa karatasi ile.

"Sikuja kukusamehe leo," akasema. "Unifundishe kusoma. Sitaki kinywa chako tena katikati yangu na yeye."

Tulianza na jina la Bauma. Alikuja kila siku nyuma ya kazi ya shamba, mikono na udongo. Siku aliyoisoma peke yake mpaka mwisho, aliikunja mara nne kama ilivyokuwa. Akasema, "Ni maneno mazuri. Nilikuwa nayo yote, dada. Niliyazuia juu nilitaka aishi."

Hapo njo alilia. Tukalia wawili. Kusameheana kulikuja, lakini kulikuja kwa miguu, hakukupanda kamyo.

Ndugu zangu, wewe uliyeficha neno, ukifikiri ni huruma, ao ukifikiri limefungwa na marehemu, mutegemee Yesu, uliseme lingali na wa kulisikia. Utalia. Mimi ningali ninalia. Lakini atakushika, nimemuona!

Mama Zahabu amelala, Papa Yona amelala, Papa Kambale alirudi kwao Butembo. Nyota tulimuzika mwaka jana. Lakini mutoto yule, Bauma, iko hapa kati yetu, ana wajukuu, na anajua kusoma. Mwanangu, karatasi ile iko kwako. Ifungue, weka kidole chini ya kila neno. Kama nimekosa jina moja, ao nimegeuza hata neno moja la baba yako ao la mama yako, usinihurumie uzee. Simama mbele ya watu, unisahihishe.